Mchele wa Profesa

Mbeya, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Karimu mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, tena uliniitikia huku mdomo umejaa kitumbua, kwa hiyo sianzi kwa kuuliza hali. Yako naijua. Yangu utaijua ukifika mwisho wa karatasi hizi, kama hutachoka njiani.

Sasa hivi umetoka kwenda Ilomba kuwaaga rafiki zako. Najua hutarudi mapema, maana wale watu hawamwachi mgeni aondoke bila kumlisha, nawe tangu uzaliwe hujakataa sahani. Nimefunga mlango wa uani na kumwambia Mama Zuhura jirani kwamba kichwa kinaniuma. Ameniamini, kwa sababu macho yalikuwa yameshanivimba. Ninatumia kalamu yako ya zamani, ile inayovuja. Ukiona madoa usidhani yote ni machozi, mengine ni wino tu.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji, ya kutomkopesha kila mtu melini, Mama Zuhura ameshakuambia mara tatu, na bibi yako atakuambia mara ya nne. Mimi nayapita. Nataka kukuambia habari za baba yako na lugha yake, hiyo unayokwenda India kuanza kujifunza ukiwa na ndevu. Kuna jambo nimekuficha tangu alipofariki, mwaka wa pili huu. Nilikusudia kulisema kwa mdomo. Kila nikikaa karibu yako nianze, naishia kukuuliza kama umeshiba.

Nianze mbali kidogo, maana ukimjua baba yako kwa picha ile ya ukutani tu, utadhani alikuwa mtu mkali. Siku alipopigwa picha ile viatu vilikuwa vinambana. Alikuja Iringa akiwa karani wa idara ya barabara, kijana mwembamba wa Kitamil kutoka kusini kabisa mwa India, Mwislamu, hana ndugu mji mzima. Wahindi wenye maduka kwao ni Gujarati, lugha yao mbali na yake, mapishi yao mbali na yake, na hata msikitini walimpa mkono kisha wakamsahau. Kiswahili alijifunza kwa vibarua wa Kihehe na Kibena waliokuwa wakichimba mitaro, kwa hiyo maneno ya kwanza aliyoyajua vizuri yalikuwa ya kuitukana sururu. Alipokuja nyumbani Mlandege kunichumbia, bibi yako alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kihehe kama huyu mwanamume anaposa au anaajiri.

Nilimpenda. Nalisema wazi mapema, kwa sababu nitakayoyaandika chini ni mabaya yangu, na sitaki udhani yalitokana na kutompenda.

Yalitokana na woga, na woga wenyewe ulikuwa na jina. Nyumba ya tatu kutoka kwetu pale Mlandege aliishi mwanamke tuliyemwita Mama Salima. Mumewe alikuwa Mhindi mwenye kiduka. Siku moja mume alisema anawapeleka watoto kwao wakaonane na babu yao, miezi mitatu tu. Mama Salima akawafulia nguo, akawafungia mizigo, akawasindikiza mpaka kwenye basi na kuwapungia mkono. Hawakurudi. Mimi nilikuwa msichana, nikienda kumsaidia kazi. Kila mwezi alizitoa zile nguo chache walizoziacha, akazifua, akazianika, na wakati huo watoto wenyewe, popote walipokuwa, walikuwa wameshakua haziwaenei tena. Nilipokuzaa wewe, nikakushika mara ya kwanza, nikasema moyoni huyu haendi popote.

Ulikuwa na miaka mitano tulipohamishiwa Mbeya. Jumapili moja asubuhi baba yako alioga, akavaa kanzu nyeupe, akatandika mkeka sebuleni, akaweka sinia na kulimwagia mchele, akausawazisha kwa kiganja. Kisha akakupakata, akakishika kidole chako na kuanza kuchora nacho herufi ndani ya mchele. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha yeye. Aliitamka herufi ya kwanza, nawe ukaitamka, mkacheka. Akaifuta, akachora ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Mtu mwingine angeona baba na mtoto. Mimi niliona basi, na mkono wangu ukipunga. Nikasema mchele si kitu cha kuchezea. Akanijibu kwa upole, "Hii hapana mchezo, Mama Karimu. Hii iko shule." Nikasema shule itasubiri, maji yameshachemka. Nikaliinua sinia mbele yenu, nikaenda nalo jikoni na kuumimina ule mchele chunguni pamoja na herufi zake. Mchana tukala. Baba yako alikula, akamshukuru Mungu, akanawa mikono. Kazi ile ya sinia hakuirudia tena.

Alijaribu kwa mdomo mara mbili tatu. Akianza tu kukusemesha Kitamil, mimi nakuita. Karimu, fukuza kuku. Karimu, lete kuni. Karimu, kimbia dukani ukaninunulie chumvi. Chumvi ilikuwepo. Kihehe nilikufundisha mwenyewe kwa raha zote, na Kiswahili ulikiokota nje na wenzako, kwa hiyo nilimwambia kwamba mtoto ana lugha mbili tayari, ya tatu itamvuruga kichwa. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye elimu, mimi wa darasa la nne, naye akaniachia.

Kisha ukaingia shule ya Wahindi, na pale masomo yalikuwa kwa Kigujarati. Jioni unasoma kwa sauti mezani, na baba yako amekaa pembeni anasikiliza mtoto wake wa kumzaa akisoma lugha ya India ambayo si yake. Siku moja akasema, "Mimi nimezaa jirani." Tukacheka sote wawili. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Barua ya kamati ya Watamil wa kwao India ilifika miaka michache baada ya vita vikuu vya pili kuisha. Aliyeileta ni Bwana Maniki. Wewe unamjua kama mzee wa gereji kule Iringa anayetembea na peremende mfukoni, lakini wakati ule ndiye aliyewaunganisha Watamil wote wa nyanda hizi, nyumba kumi na kitu hivi, kuanzia Iringa mpaka Chunya, Wahindu na Wakristo na Mwislamu mmoja, baba yako. Barua ilisema kwamba chuo kikuu kimoja cha kwao, Madras, kilikuwa na maprofesa wa Kiingereza, wa historia, wa hesabu, lakini hakuna hata mmoja aliyelipwa kwa kazi ya kuichunguza lugha ya wenye nchi. Vitabu vya zamani, vilivyoandikwa juu ya majani ya mtende, vilikuwa vinaliwa na wadudu majumbani mwa watu. Walitaka kuanzisha kiti cha profesa wa Kitamil, kiti cha kudumu, akistaafu mmoja anashika mwingine, na walikuwa wakiwaomba watu wao waliotawanyika duniani, wa mashamba ya chai na mpira, wa reli, wa migodi, wachange.

Hao wa kwetu hawakuwa matajiri. Ndipo Bwana Maniki akakumbusha desturi ya mama zao. Kila asubuhi, kabla ya kupika, mwanamke anachota konzi moja katika mchele wa siku hiyo na kuitia katika chombo cha pembeni. Kwao hiyo ilikuwa ya msikiti, au ya hekalu, au ya yatima. Mwisho wa mwezi chombo kinamiminwa, mchele unauzwa. Safari hii ungeuzwa kwa ajili ya profesa. Wanaume wakakubaliana, wakapeana mikono, wakanywa chai. Mpikaji wa nyumba yetu nilikuwa mimi.

Baba yako hakuniamuru. Aliniletea kopo tupu la maziwa ya unga, amelisafisha mwenyewe, akaliweka karibu na jiko na kuniuliza kama ninaweza. Nikasema ninaweza. Nilijiambia profesa wa Madras hawezi kumpandisha mwanangu basi.

Bibi yako alipokuja kututembelea aliniona nikitia konzi, akauliza hiyo ni sadaka ya nani. Nikamweleza. Akasema, "Sasa huyo mtu mzima analipwa kusoma lugha aliyozaliwa nayo? Na mimi na Kihehe changu, nani ananilipa?" Nilimpelekea baba yako maneno hayo kama mzaha. Hakucheka. "Mwambie bibi aanze," alisema. "Leo aweke konzi moja ya Kihehe, mimi iko tayari kuweka ya pili." Nimelifikiri sana neno lile. Sisi Kihehe chetu tulikuwa nacho kama mtu aliye na afya yake, hatukuwahi kukihesabu. Yeye lugha yake alikuwa nayo kama mgonjwa na afya yake, akiihesabu kila siku. Sikuliona wakati ule, nilimwona mtu mwenye ukaidi.

Sasa nikuambie ukweli wa konzi zangu. Siku ambazo nyumba ilikuwa na furaha, kiganja changu kilikuwa wazi. Siku tulizogombana nilibana vidole mpaka ikatoka konzi ya mtoto mchanga. Kuna kipindi baba yako mdogo aliandika kutoka kwao akiuliza lini Karimu ataletwa aonwe na ukoo, na mwezi mzima ule profesa alikaribia kufa kwa njaa. Bwana Maniki alipokuja kukusanya, alilitikisa kopo, akanitazama, akasema huenda mwaka huu mavuno mabaya. Nikasema mabaya sana. Mwaka ule Usangu walivuna mpunga mpaka wakakosa pa kuuweka.

Hata hivyo sikuacha. Hilo nataka ulijue pia. Kuna asubuhi nilikuwa na homa, kuna asubuhi nilizika mtoto, yule mdogo wako aliyekaa duniani siku tisa, na hata asubuhi ile nilitia konzi. Sijui kwa nini. Pengine mkono ulikuwa umeshazoea, au pengine, ndani kabisa, nilijua ninadaiwa kitu na mtu aliyelala chumba cha pili.

Kiti kilipatikana. Wewe ulikuwa umerudi likizo kutoka shule ya Dar es Salaam. Barua ya kamati ilikuja na picha ya profesa, mzee wa miwani amesimama mbele ya kabati la vitabu. Baba yako aliiegemeza picha ile kwenye birika mezani, akaenda kununua halua, akaigawa mpaka kwa vibarua wa barabarani, Wasafwa waliokula halua ya lugha wasiyoijua wakamtakia heri. Ulimuuliza huyo profesa anafundisha kitu gani hasa. Akaanza kukueleza kwa Kiswahili chake kile cha mitaroni jinsi mashairi ya kale ya kwao yalivyo. Akatafuta neno. Akatafuta tena, mkono uko hewani. Mwisho akasema, "Iko nzuri. Iko nzuri sana." Akakuongezea halua.

Hapo ndipo nilipoelewa, Karimu. Baba yako alikuwa amemlipa mtu wa mbali afanye kazi ambayo mimi nilimzuia kuifanya juu ya mkeka wake mwenyewe. Na mchele wa kumlipa ulitoka mkononi mwangu. Nilisimama pale na kipande cha halua mkononi. Ningeweza kusema saa ile ile, mfundishe, hajachelewa, likizo bado ina wiki tatu. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikauliza nani anataka chai.

Nimekufikisha ninapopaogopa, na nakuomba usiruke mistari.

Unajua aliugua kichomi baada ya kunyeshewa siku mbili kule Chimala, barabara ilipokatika. Unajua nilikupigia simu ya maandishi uje, na ulipofika tulikuwa tumeshamzika. Uliniuliza alisema nini. Nikakuambia baba yako alikufa kimya. Kila aliyeuliza nilimjibu hivyo hivyo.

Haikuwa hivyo. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani mpaka kitandani. Homa ilikuwa imeshuka. Alifungua macho, akanitazama mimi, si ukuta, si dari, akaanza kusema Kitamil. Hakuwa akiweweseka. Nimeuguza watu wengi, mtu anayeweweseka namjua. Alisema polepole, kwa mpangilio, kama anayesimulia jambo lenye mwanzo na mwisho, na akifika mahali fulani anatulia, anapumzika, anaendelea. Jina lako lilipita katikati ya maneno mara nne au tano. Langu lilipita mara moja.

Mama Zuhura naye alikuwa chumbani. Akaninong'oneza kwamba Bwana Maniki yuko Mbeya wiki hii, anatengeneza lori pale gereji, ni mwendo wa dakika kumi, tumtume mtu akamwite asikilize. Nikasema tumwache amalize kazi, atapita mwenyewe jioni. Mama Zuhura alinitazama, akatoka kwenda kuchota maji. Mpaka leo hajaniuliza.

Nilijua ninachofanya. Nilidhani anasema upelekwe kwao. Nilidhani huo ndio wosia wake, na Bwana Maniki akiusikia utakuwa umesikika, hautafutika tena. Bila shahidi ungebaki sauti tu.

Akaendelea. Labda ilikuwa robo saa, labda zaidi. Nami sikuweza kuvumilia tena kutazamwa vile na kusemeshwa vile, nikamshika mkono nikamwambia, "Sema Kiswahili, Baba Karimu. Mimi sikuelewi."

Akanyamaza. Akanitazama kwa muda, hakukasirika, ningependa angekasirika. Alikuwa anatafuta, kama siku ile ya halua. Midomo ilifunguka, ikafunga. Mwisho akasema, "Maji." Nikampa maji. Baadaye akatamka shahada, hiyo niliielewa, namshukuru Mungu kwa hiyo. Neno jingine hakusema tena, kwa lugha yoyote, na kabla ya alasiri alikuwa ameondoka.

Bwana Maniki alikuja na mikono ina grisi. Aliuliza kama amesema chochote. Nikasema hapana. Alikaa kwenye ngazi za mbele akalia mpaka watu wa msikitini wakaja kumwinua.

Kwa hiyo ni kweli baba yako alikufa kimya. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Kopo niliendelea nalo. Kamati ilisema profesa anataka vitabu na wasaidizi, kiti kinataka kulishwa kila mwaka, na tangu Ijumaa ile sijawahi kubana vidole. Bwana Maniki ndiye aliyemwandikia profesa habari za nyumba moja Mbeya ambamo mwanamke Mhehe anachangia Kitamil, na mwanawe hajui hata herufi moja. Sikumtuma. Jibu lilipokuja limeelekezwa kwangu, likiwa na tafsiri ya Bwana Maniki pembeni, lilisema kijana aje, ataanza na herufi pamoja na watoto wadogo, na hakuna aibu ndani yake, kiti hiki kiliwekwa kwa ajili hiyo. Niliisoma barua hiyo, nikaikunja, nikaificha ndani ya debe la unga siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikupa, imejaa unga, nikasema imefika leo. Uliipigapiga kwenye goti unga ukatoka, ukacheka ukasema posta ya Mbeya siku hizi inapita mashineni kusagisha. Nikacheka. Sikustahili mzaha ule.

Ulipoisoma nilikutazama. Nilitegemea utasema, mama, siwezi kukuacha peke yako. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la kukataa kidogo kisha kukubali. Wewe ukauliza, "Wanaanza mwezi gani?" Nikaona uso wa baba yako, ule wa Jumapili ya mkeka. Karimu, nilifurahi na kuumia kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Huko uendako utakaa darasani na watoto wa miaka sita. Watakucheka. Cheka nao, lakini usiache wewe kwanza. Baba yako mdogo na ukoo wake watakutazama rangi na nywele, na wapo watakaouliza mama yako ni nani. Waambie. Sema Mhehe wa Mlandege, mtoto wa fulani, na useme pia, kama utaweza, kwamba ndiye aliyechangia. Usiseme kiasi.

Ukipata mke huko, au rafiki wa kufa na kuzikana, na siku moja akaanza kukusemesha kwa lugha usiyoijua, mwache. Mtazame usoni umwache aseme mpaka mwisho. Kuelewa kunaweza kuja kesho, au kusije, lakini mtu akishanyamazishwa harudii. Hili ndilo pekee ninalolijua vizuri kuliko wewe, na nimelinunua ghali.

Na ikiwa utapapenda huko ukataka kubaki, baki. Nimeliandika neno hilo, tazama, wino haujatetemeka sana. Uniandikie mwenyewe tu, kwa Kiswahili, kwa mkono wako. Usiniache nisikie kwa watu wa basi.

Barua hii nitaitia ndani ya mfuko wa koti lako, na nitakuambia usiifungue mpaka basi lilale Iringa. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Utaisoma kwa bibi yako, ambako hujafika mbali, na asubuhi yake kuna basi la kwenda Dodoma na kuna basi la kurudi Mbeya. Ukitaka kurudi unitazame usoni uniulize kwa nini, rudi, mlango hautafungwa na sitajitetea. Meli zipo nyingine. Ukitaka kuendelea bila kuniandikia kwa muda, nitaelewa pia, nitasubiri. Ila usiende ukiwa hujui. Nisingeweza kukupungia mkono huku bado nimekalia maneno ya baba yako.

Sikutumi uyatafute maneno yale. Yamekwenda, hakuna darasa litakaloyarudisha, na sauti zake zimeshanitoka kichwani, nimebaki na uso tu. Ninachokuomba ni kingine. Ukishaijua lugha ile, ukarudi hata kwa mwezi mmoja, njoo ukae mbele yangu, unitazame, uiseme. Sema lolote, bei ya samaki, hali ya hewa, hasira zako juu yangu. Usinitafsirie. Sitauliza maana, sitakutuma dukani, sitasema sikuelewi. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Mama yako,
Zainabu